Televisheni ya Baba na Macho ya Bibi Wegesa

Enzi zetu mlango ulikuwa kitu cha kuzuia mbuzi, si watu. Ninaposema enzi zetu nawasema ninyi wenzangu mliokunywa uji wa ulezi kwenye kibuyu kilichokatwa, mliokwenda shule na kuni kichwani na ufagio mkononi, mliochapwa na mzazi yeyote aliyewakuta njiani mkifanya upuuzi, na mkifika nyumbani mkachapwa tena kwa kosa la kumchosha mzazi yule. Ninyi mnanielewa. Hawa wa sasa ukimwambia, "Salimia wageni," anakuuliza, "Kwani nawajua?"

Kijiji chetu kiko upande wa Tarime, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea Mto Mara. Ukipanda juu ya miamba unaona ng'ambo ya mto, Serengeti, vilima vimekaa kimyakimya kama ng'ombe waliolala. Juu ya miamba hiyo mama zetu walianika ulezi, na sisi watoto tulikuwa walinzi wa ndege. Ulinzi wenyewe mnaujua. Tulicheza mdako, tukacheza rede kwa mpira wa matambara, tukacheza kombolela mpaka sauti zikakauka, na ndege wakala walichotaka. Jioni mama akipepeta anauliza, "Hivi mlikuwa mnalinda ulezi au mnawakaribisha wageni?" Nyumba zilinuka moshi na maziwa mgando, na ukihisi njaa kwenu uliingia kwa jirani, ukanawa, ukakaa, ukala ugali wa mtama na muhogo bila mtu kukuuliza umetumwa na nani.

Jirani yetu wa karibu kuliko wote alikuwa Bibi Wegesa. Alikuwa mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba ya nyasi ng'ambo ya shamba letu la mtama. Binti yake mmoja alikuwa ameolewa Mugumu. Bibi Wegesa alikuwa mrefu, mkavu, miguu kama ya korongo, na macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima, kwa sababu alikaanga kimea cha pombe kwenye jiko lisilo na dirisha tangu akiwa msichana. Ukiingia jikoni kwake kwa muda mfupi tu na wewe ulitoka na macho hayohayo.

Alikuwa na tabia moja ambayo lazima niieleze vizuri. Hakupiga hodi. Alipokuja kwetu alisimama mlangoni, ametulia, mikono ameikunja kifuani, akasubiri mtu amwone. Alisema hodi inashtua watoto wachanga, na mtoto akishtuka usingizini roho yake inachelewa kurudi. Basi unaweza kuwa unamenya viazi, ukainua kichwa, ukamkuta. Mama alikuwa akicheka sana. "Mama Wegesa, umesimama hapo tangu lini?" Naye hujibu, "Tangu ulipoanza kuimba vibaya." Kisha huingia, huketi, humchukua mdogo wangu Mwita na kumweka mapajani. Mwita alikuwa kama mjukuu wake. Siku aliyozaliwa, mto ulikuwa umefurika na zahanati haikufikika, na mikono iliyompokea ilikuwa ya Bibi Wegesa. Mama alipenda kusema kwamba bila mama huyu angekuwa udongoni, yeye na mtoto wake.

Baba yetu alikuwa mchimbaji. Alishinda Nyangoto kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, akija nyumbani mara chache, amejaa vumbi mpaka kope. Miaka mingi hakuleta chochote zaidi ya kikohozi. Halafu mwaka mmoja duara lao likatema dhahabu. Wenzake walinunua ng'ombe. Baba alikwenda mjini Tarime, akazunguka maduka ya Bomani siku nzima, akarudi kwenye tela la trekta akiwa amekumbatia televisheni ya chogo kama anayempeleka mgonjwa hospitali. Alikuja na betri ya gari na antena, na fundi mmoja kijana akaisimika antena hiyo juu ya mkaratusi.

Siku hiyo kijiji kizima kilihamia kwetu. Kwanza zilitoka chenga, sauti ya mvua isiyolowesha. Fundi akazungusha antena, mtu akapiga kelele, "Hapo! Hapo! Usiguse!" na ndani ya zile chenga akajitokeza mwanamume wa Kenya amevaa tai, anasoma habari. Sisi watoto tuliofundishwa adabu tukamwamkia kwa pamoja, "Shikamoo!" Bibi Wegesa alivuta kitenge chake akajifunika kifua. "Mbona mtu huyu ananikazia macho?" aliuliza. Watu walicheka hadi kuku wakakimbia. Baba alimweleza kwamba yule mtu hamwoni. Bibi Wegesa akamtazama tena yule msomaji, akasema polepole, "Mtu anayekutazama na hakuoni, huyo ni wa kuogopa."

Tulicheka tena. Wakati ule ilikuwa kichekesho.

Miezi michache baadaye mama alipoteza mimba. Aliumwa sana, na nesi wa zahanati, dada mmoja mpole aliyekuwa amehamishiwa kwetu kutoka Tanga, alimwambia asibebe maji wala asishike jembe mpaka mwili urudi. Mwanamke wa Kikurya bila jembe ni kama ng'ombe aliyefungwa kambani, anazunguka palepale. Baba alimwonea huruma. Alimletea deki ya video na mfuko wa mikanda ya filamu aliyoipata kwa wachimbaji wenzake, akapanga na kijana mmoja awe anapeleka betri kuchajiwa Nyangoto kwa baiskeli. Kisha akarudi duarani.

Ndivyo mama alivyoanza kutazama. Alianza asubuhi baada ya sisi kwenda shule, na tuliporudi tulimkuta kwenye kiti kilekile. Jua liliposumbua kioo alitundika mapazia, na mapazia yalipopitisha mwanga akaongeza blanketi juu yake. Nje jua la saa sita linapasua mawe, ndani kwetu giza, na katika giza hilo uso wa mama unabadilika rangi, bluu, kijivu, bluu. Wanawake wengine walianza kuja. Waliacha masufuria jikoni kwao, wakaingia bila salamu, wakaketi sakafuni. Kulikuwa na siku nilirudi kutoka shule nikasimama sebuleni nikasema, "Shikamooni," na vichwa vyote vikabaki vimeelekea upande mmoja. Niliogopa, ingawa nilimjua kila mmoja. Nilitoka nikaenda kula kwa Bibi Wegesa.

Filamu zenyewe zilikuwa za watu wa mbali, wanaongea Kiingereza cha haraka. Mama alikuwa ameishia darasa la nne. Maneno hayakumfikia, kwa hiyo alisoma sura na muziki. Wakwe waliwasha mishumaa chini ya vitanda, mashangazi wakageuka paka, vikongwe wakatabasamu na mtoto akafa. Na mama alikuwa mwepesi. Baada ya muda alikuwa anamjua mbaya kabla filamu haijasema. Aliwafundisha wenzake: "Mkiona picha inang'ang'ania uso wa mtu na hasemi kitu, huyo ndiye. Sikilizeni muziki." Nao husikiliza, na kweli huwa ndiye.

Sasa mtu akishajua kusoma nyuso za kwenye kioo, hawezi kuizima elimu hiyo akitoka nje. Nilianza kuona mama anavyowatazama watu. Mgeni akinyamaza kidogo kufikiri, mama naye hunyamaza, anamsubiri. Akawa anawataja watu wa filamu kama majirani: "Yule wifi naye alianza hivihivi, kuleta leta vitu." Baba aliporudi akakuta kitasa kipya mlangoni. Akauliza, "Kuna mwizi?" Mama akajibu, "Dunia imeharibika, baba Rhobi. Wewe uko chini ya ardhi, hujui." Baba akacheka. Lakini kijiji chetu hakikuwa kimeibiwa hata jembe. Huo ndio ukweli ambao mpaka leo unanishangaza. Mwaka ule wote nilisikia watu wakisema siku hizi kuna mambo, siku hizi watoto wanapotea, siku hizi usile hovyo. Na ukiuliza mtoto gani amepotea, wa nani, wanakutajia mtoto wa kwenye mkanda.

Hata michezo yetu ilibadilika. Kombolela ikawa na mchawi. Mmoja alitembea polepole na mikono imekunjwa kifuani, wengine wakimvumia kwa pua ule muziki wa filamu, mmmm, mmmm, mpaka afike karibu, ndipo watu watimke. Mchezo ulikuwa mzuri, sitadanganya. Lakini mchana mmoja nilikuwa kwenye miamba nalinda ulezi, nikamwona Bibi Wegesa anapita njia ya chini na mtungi wake. Watoto waliokuwa kando ya njia waliacha kucheza. Hakuna aliyekimbia, hakuna aliyecheka. Walimtazama tu, na kutoka kwenye midomo iliyofungwa nikasikia, mmmm, mmmm. Yeye alisimama, akatafuta sauti inatoka wapi, akadhani ni nyuki. Alitazama juu ya miti. Kisha akaendelea na safari yake.

Wanawake wakaacha kumpa watoto wao. Hakuna aliyepanga. Ilikuwa tu akiketi, mwenye mtoto anakumbuka ana kazi nyumbani. Mama alidumu zaidi ya wengine, nadhani kwa sababu ya deni la ile siku ya mafuriko. Lakini na yeye akaanza kumwambia Mwita, "Kaa huku," mtoto anapokimbilia mapajani kwa bibi. Bibi Wegesa alimwuliza siku moja, mbele yangu, "Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, mama."

"Mbona unanitazama kama yule mtu wa tai?"

 Mama alikuwa anamtazama machoni, kwenye ule wekundu, na kichwa amekiinamisha kidogo upande, kama mtu anayetega sikio. Nilijua anasikiliza nini. 

Ikafika siku yenyewe. Ilikuwa siku ya soko, watu wengi wametoka, na sisi shule tulifunga mapema. Nilipokaribia nyumbani nilisikia chenga tangu uani. Mkanda ulikuwa umekwisha na betri inaelekea kufa, picha imesinyaa katikati ya kioo ikabaki ukanda mwembamba unaotetemeka. Mama alikuwa amesinzia kwenye kiti. Nikaweka madaftari, nikaenda jikoni kutafuta kiporo. Nikiwa huko nikasikia mama anaita, "Mwita?" Akaita tena. Kisha yakaja mayowe ambayo sijawahi kusikia mfano wake.

Nilikimbia sebuleni. Mlango ulikuwa wazi, jua linamwagika ndani, na katikati ya jua hilo amesimama Bibi Wegesa, ametulia, anasubiri kuonwa kama alivyofanya maisha yake yote. Mkononi alikuwa ameshika kaptula ya Mwita.

"Nimeiokota njiani," alisema. "Nikasema niilete."

Lakini mama alikuwa hasikii maneno. Alikuwa amezoea kuishi bila maneno. Aliona uso, aliona macho, aliona nguo ya mtoto wake mkononi, na kwa miezi yote ile alikuwa amefundishwa kinachofuata. Alipiga yowe la msiba, lile ambalo kwetu Tarime likipigwa mwanamume hamalizi kutafuna tonge. Walikuja kutoka mashambani, walikuja kutoka njia ya sokoni, na marungu, na mapanga, na mawe waliyoyaokota wakikimbia. Mama akanyoosha kidole. "Amemchukua mwanangu!"

Bibi Wegesa hakukimbia. Aliketi chini pale kizingitini, akaiweka ile kaptula mapajani, akaikunja vizuri. "Mtafuteni mtoto," alisema. "Msinitazame mimi. Mtafuteni mtoto."

Na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana hili ndilo linalonirudia hadi leo nikiwa mtu mzima mwenye watoto wangu. Watu hawakumtafuta mtoto. Mtu mmoja alisema, "Mtazameni macho," na wote wakamtazama. Walijipanga. Hakuna aliyewaambia wajipange, lakini walijipanga kama walivyokuwa wakijipanga sebuleni kwetu: watoto mbele wamechuchumaa, wanawake katikati, wanaume warefu nyuma na shingo zimenyooka.  Walisubiri uso wa bibi ufanye kitu, ucheke vibaya, ugeuke. Nyuma yao, ndani, chenga zilikuwa bado zinalia kwa mbali. Nikatambua kwamba hawakuwa na hasira. Laiti wangekuwa na hasira! Mtu mwenye hasira unaweza kumwomba. Hawa walikuwa wanataka kuona.

Bibi akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama karibu naye kuliko wote. "Rhobi," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "mama yako amekunywa maji leo? Midomo yake imekauka."

Ndipo jiwe likarushwa. Sikumwona aliyerusha. Lilimpata juu ya sikio, akaegemea mlango, damu ikashuka kwenye kitenge. Nilisikia watu wakivuta pumzi wote mara moja, ule mvuto wa pumzi niliouzoea kutoka sebuleni. Nilimwangukia, nikamkumbatia kichwa, nikawa napiga kelele kwa Kikurya na Kiswahili vikiwa vimechanganyika, hata sikumbuki nilisema nini. Nadhani nilisema ni bibi yangu. Na wakati huohuo moshi ulikuwa tayari unapanda ng'ambo ya shamba la mtama. Vijana watatu hawakuwa na subira ya kutazama. Walikuwa wamekwenda kuichoma nyumba.

Mwita alikuja akiwa mabegani kwa Mwikwabe, mchunga ng'ombe wa jirani. Alikuwa uchi chini, matope mpaka puani, anacheka, anapiga kichwa cha Mwikwabe kama ngoma. Alikuwa amewafuata ng'ombe mtoni. Mwikwabe alifika, akaona umati, akaona damu, akasema, "Mura, kuna nini hapa? Mtoto huyu nimemkuta kwenye maji ya ng'ombe, nikaona nimrudishe."

 Watu walitazama chini, kisha wakaanza kuondoka mmoja mmoja, kwa utulivu ule wa watu ambao mkanda wao umekwisha. Hakuna aliyesema pole. Wengine walipita kandokando ya Bibi Wegesa wakiinua miguu wasikanyage kitenge chake, kama vile wanamheshimu. Nesi wa zahanati ndiye aliyekuja kumshona, akilia muda wote. Siku ya pili binti yake alikuja na gari la kukodi kutoka Mugumu, akamchukua. Bibi hakuwa na mzigo wa kubeba. Vyote vilikuwa majivu.

Mngedhani mama alimpokea Mwita kwa furaha. Hapana. Alimpokea kutoka mabegani kwa Mwikwabe, akamweka chini, akarudi nyuma hatua kidogo, akamtazama. Akamgeuza, akamkagua visigino, akamfunua nyuma ya sikio palipokuwa na alama yake ya kuzaliwa. Alama ilikuwepo. Mama akaigusa kwa kidole, akaisugua kama anayetaka kuona kama inafutika. Kisha akanong'ona, si kwangu, si kwa mtu yeyote, "Wamemrudisha haraka mno."

Katika mikanda yake watoto waliochukuliwa hawakurudi vilevile.

Baba aliporudi na kusikia yaliyotokea aliitoa televisheni nje. Hakuivunja, baba hakuwa mtu wa kuvunja vitu; aliipeleka Nyangoto akaiuza, na deki na mikanda yote. Akang'oa na mapazia. Mwanga ukarudi ndani ya nyumba, ukatukuta tumekaa tunaogopana. Maana mama aliendelea kumtazama Mwita. Alimlisha, alimwogesha, alimshonea nguo, lakini mtoto akinyamaza kidogo, akizama kwenye mawazo ya kitoto, mama alikuwa anasimamisha kazi na kuinamisha kichwa upande. Mwita alikua chini ya macho hayo. Alijifunza kuongea bila kukoma. Mpaka leo mdogo wangu hawezi kukaa kimya mbele ya mtu. Watu husema ana maneno mengi kama cherehani, nami ninayejua chanzo chake huwa sicheki.

Ilichukua miaka. Siwezi kusema siku gani mama alipona, ila nakumbuka Mwita alipata malaria akiwa darasa la tano, akaweweseka, na mama akamlaza mapajani, akamwimbia wimbo wa kubembeleza kwa sauti yake ileile mbaya. Nilisimama nikasikiliza. Hakuwa anatazama uso wa mtoto. Alikuwa amefumba macho.

Baada ya baba kufariki, mama alizeeka ghafla, na neno moja likawa haliondoki mdomoni mwake: Mugumu. "Nipeleke Mugumu, Rhobi. Nisife na mzigo huu." Mwaka juzi nikampeleka. Tulivuka mto, tukafika mjini mchana, tukauliza njia sokoni, tukaelekezwa kwa binti yake Bibi Wegesa, ambaye sasa naye ni bibi, ana nyumba nzuri ya bati la rangi na madirisha ya vioo. Mwenyewe alikuwa dukani kwake. Aliyetufungulia alikuwa msichana wa kazi, Neema, wa huko upande wa Natta, kabinti kapole kenye aibu, kakatuamkia kwa kupiga goti.

Ndani kulikuwa na giza. Niliingia kutoka kwenye jua na kwa kitambo sikuona kitu ila televisheni bapa, kubwa kama mlango, imetundikwa ukutani, na mbele yake kiti, na kwenye kiti Bibi Wegesa. Alikuwa amebaki mifupa na nywele nyeupe. Macho yalikuwa yamepona wekundu. Miaka mingi hakukaa kwenye moshi. Yalikuwa meupe, safi, na rangi za kioo zilikuwa zinapita juu yake, bluu, kijivu, bluu.

Mama alipiga magoti sakafuni. Mama yangu mwenye miguu mibovu. "Shikamoo mama. Ni mimi, mama Rhobi. Nimekuja kuomba msamaha."

Bibi Wegesa aligeuza kichwa polepole. Alimtafuta usoni, akampata, akamshika mikono yote miwili. "Nilikusamehe siku ileile," alisema. "Ulikuwa umekauka midomo. Mwanangu anaendeleaje, Mwita?"

"Ameoa, mama. Ana watoto."

"Ashukuriwe Mungu."

Mama alilia, nami nikalia. Kama mambo yangeishia hapo ningewaambia kwamba niliona neema kwa macho yangu. Lakini Neema, yule msichana, alikuwa ameingia na chai kwenye sinia. Akaweka vikombe, akasimama kidogo pembeni, mikono nyuma, asijue kama aondoke au abaki.  Bibi Wegesa alisubiri mpaka yule msichana alipotoka, akamvuta mama karibu.

"Msinywe," alinong'ona. "Huyu si mtu. Namwangalia kila siku. Anasimama hivyohivyo bila kusema. Nimeshamwambia binti yangu, na majirani wameanza kuelewa."

  Mama alikichukua kikombe, akakishika kwa mikono miwili, akanywa chai yote ikiwa ya moto, mpaka machozi yakamtoka upya. Kisha akamwita msichana: "Neema! Asante mwanangu. Umepika chai tamu." Bibi Wegesa alikuwa anamtazama mama, kichwa amekiinamisha kidogo upande, anasubiri.

Tulipotoka, Neema alitusindikiza hadi getini. Akamwuliza mama, "Mama, wewe unamfahamu bibi tangu zamani. Ananiogopa nini? Na majirani siku hizi nikiwaamkia hawaitikii."

Mama alimshika mabega. Nilidhani atamfariji. "Una nauli ya kwenu?" alimwuliza.

"Ninayo."

"Ondoka kesho asubuhi. Usiage mtu. Usingoje mtoto wa jirani achelewe kurudi nyumbani."

Aliondoka kweli, nilipiga simu baadaye nikaambiwa katoroka, na kwamba kutoroka kwake ndiko kulikothibitisha kwamba hakuwa mtu.

Wenzangu, enzi zetu tulikuwa na mengi ya kuogopa. Tuliogopa mamba wa Mto Mara, tuliogopa fisi, tuliogopa fimbo ya mwalimu, na vyote hivyo ungeweza kuvionyesha kwa kidole na kusema vilipo. Watoto wangu wana kila kitu. Wanacheka nikiwaambia tulitembea saa nzima kwenda shule. Wao bando likikatika dakika chache wanahesabu kwamba ni njaa. Wanakaa sebuleni kila mmoja na kioo chake, na jirani yetu wa ukuta kwa ukuta hawajui hata jina. Juzi niliwatuma wakaombe chumvi. Walitazamana. Yule mdogo akaniuliza, kwa upole kabisa, "Mama, una uhakika wale ni watu wazuri?"

Chumvi nilikwenda kuiomba mwenyewe.